Mapigo 65 akikaa, 65 akipanda kilima: kisa cha uchovu wakati wa kusubiri betri ya moyo

Mgonjwa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 67, mkazi wa Rungwe upande wa mashamba ya chai. Kijijini kwake hakuna anayemwita kwa jina. Kwa wakubwa na kwa watoto yeye ni Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Karibu miaka tisa iliyopita njia ya umeme wa moyo wake, ile inayounganisha vyumba vya juu na vya chini, ilikatika kabisa. Mapigo yakashuka hadi thelathini na kitu kwa dakika, akawa anaanguka bila taarifa. Alipewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akawekewa pesimeka, mashine ndogo ya betri inayoupa moyo amri ya kupiga kwa umeme. Yake ni ya waya mbili: mmoja unaingia chumba cha juu, mwingine chumba cha chini. Akarudi darasani, akafundisha mpaka akastaafu, akalima viazi, akaimba kwaya ya Moravian. Waliomfahamu miaka hiyo ya karibuni wengi hawakujua kama ana mashine kifuani.

Alipofika kliniki yetu Mbeya akiwa na binti yake, alikuwa na lalamiko moja tu: amechoka. Kifua hakikumuuma, homa hakuwa nayo. Alichoka kiasi kwamba, kwa maneno yake, hata kuchana nywele kulitaka apumzike katikati. Kwenye kwaya alishindwa kumaliza mstari wa wimbo bila kuvuta pumzi mahali ambapo wenzake hawavuti. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwake kuna mwinuko alioupanda maisha yake yote. Sasa alikuwa anasimama njiani mara kwa mara, akijifanya anasalimiana na majirani.

Hali hiyo ilikuwa imevuka miezi miwili. Katika muda huo alishatibiwa taifodi mara mbili, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akachomwa sindano za vitamini, na mwisho akaambiwa ni umri. Wapo waliosema ni baridi na mwinuko. Kweli, Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na mvua yake si ya mchezo, lakini Mwalimu kazaliwa huko, na milima ya Rungwe haijaongezeka urefu mwaka huu. Nyumbani walikuwa wamenunua kile kifaa cha kubana kidole. Kilionyesha oksijeni 95 na mapigo 65, namba ambazo mtu akizisoma haraka anaona kila kitu kiko sawa. Na ndiyo maana walichelewa kuja.

Mapigo yasiyopanda

Muuguzi alimshika kiganja akahesabu kwa dakika nzima. 65. Tukamwomba atembee hadi mwisho wa korido, apande ngazi, ashuke, arudi. Alirudi anahema, mkono mmoja ukutani, jasho jembamba juu ya mdomo. Muuguzi akahesabu tena, dakika nzima. 65. Haikuwa 66 wala 70.

Kwa mtu mwingine tungeweza kusema ana moyo mtulivu. Kwa Mwalimu namba hiyo ilikuwa na maana nyingine kabisa. Chumba cha juu cha moyo wake ni kizima. Kilichoharibika ni njia ya kupeleka amri chini. Mashine yake ilipangwa isikilize chumba cha juu na kukifuata: akipanda mlima mapigo yapande, akilala yashuke mpaka 60. Miaka yote ilikuwa hivyo. Mapigo yaliyoganda kwenye namba moja, mtu akiwa amekaa na akiwa anahema, yalituambia kwamba mashine imeacha kusikiliza juu.

Jambo la pili lilionekana shingoni. Binti alikuwa ameshaliona nyumbani, akadhani ni wembamba wa mama yake: mshipa wa shingo ulikuwa unaruka. Haukuruka kwa kila pigo. Uliruka mara moja kwa nguvu, ukatulia kwa mapigo kadhaa, ukaruka tena. Hiyo hutokea pale chumba cha juu kinapokamua wakati mlango wa kwenda chini umeshafungwa. Damu inakosa pa kwenda, inarudi juu kuelekea shingoni. Mgonjwa huihisi kama kitu kinachogonga kooni, na usiku akilala kwa ubavu huisikia sikioni.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha vyumba vya juu vikipiga zaidi ya 80 kwa dakika na vya chini 65, kila kimoja na safari yake. Tukaweka sumaku ya mduara juu ya mashine. Pesimeka ikiwekewa sumaku huacha kusikiliza chochote na kupiga kwa kasi maalumu, na kasi hiyo hutofautiana kulingana na kampuni na hali ya betri. Kwa aina ya mashine yake, iliyoandikwa kwenye kadi, betri nzima hutoa 85 na betri iliyofika muda wa kubadilishwa hutoa 65. Ilitoa 65. (Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alipoelezwa hayo alitaka kujaribu nyumbani kwa sumaku ya spika. Alikatazwa mbele ya bibi yake, na bibi akarudia katazo kwa sauti ya darasani.)

Simu ikibakiza chaji kidogo hujizimia mambo mengi ili angalau ibaki na kupiga na kupokea. Baadhi ya pesimeka za waya mbili zimetengenezwa kufanya jambo la namna hiyo. Betri ikifika kiwango kilichopangwa na kiwanda, mashine huacha kuhudumia chumba cha juu, huzima ule uwezo wa kuongeza kasi mtu anapojishughulisha, na kubaki ikipiga chumba cha chini peke yake kwa kasi moja. Inafanya hivyo kwa makusudi, ili kununua muda. Kwa kawaida kutoka alama hiyo hadi betri kuisha kabisa watengenezaji huhesabu kama miezi mitatu.

Hapa kuna dhana moja niliyoikuta kwa familia hii, na nimeikuta kwa nyingine nyingi: kwamba betri ikipungua moyo unapiga kwa unyonge, kama tochi inayofifia. Sivyo. Msuli wa moyo ukipata amri ya kutosha hukamua wote. Amri isipotosha haukamui kabisa. Nguvu ya kila pigo la Mwalimu ilikuwa ileile. Kilichomchosha ni mpangilio. Chumba cha juu kikikamua kwa wakati wake huongezea chumba cha chini kiasi cha damu, kwa moyo mzima yapata sehemu moja kwa tano ya ujazo, na kwa moyo uliokakamaa kwa umri na presha mchango huo ni mkubwa zaidi. Mwalimu alikuwa ameupoteza. Halafu kuna hesabu ambayo yeye mwenyewe aliipenda, akaiandika: pigo moja la moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70, mara 65 ni mililita 4,550 kwa dakika. Kwa kukaa na kumenya ndizi zinatosha. Kwa kupanda kilima mwili hudai mara mbili ya hizo au zaidi, na njia kubwa ya kuzipata ni kuongeza mapigo. Yake hayakuongezeka, kwa hiyo miguu ilikuwa inadai damu ambayo haikuwa njiani.

Wenye pesimeka ya waya mmoja, au mashine za kampuni nyingine, wanaweza wasipitie hali hii hata kidogo. Kuna mashine ambazo betri ikifika mwisho hushusha kasi kidogo tu bila kubadili kitu kingine. Ndiyo maana kadi ya mashine ni ya kutunzwa kama hati ya kiwanja. Ya Mwalimu ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, imefifia mpaka namba ya mashine ikasomwa kwa kuinamisha karatasi dirishani.

Ukaguzi wa mashine alikuwa hajafanya kwa zaidi ya mwaka na nusu. Nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, halafu unaambiwa uko vizuri, rudi nyumbani. Simlaumu. Lakini mashine iliyokaribia mwisho wa umri wake huhitaji kukaguliwa hata kila miezi mitatu, na ukaguzi mmoja ungeonyesha mapema kwamba betri inakwisha.

Uchovu wenye chanzo zaidi ya kimoja

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Tukapima damu hata hivyo, maana mtu mwenye pesimeka hajakingwa na magonjwa mengine, na uchovu ukishapata jina moja watu huacha kutafuta la pili. Tezi ya shingo ilikuwa sawa, sukari sawa, figo zinaridhisha. Wingi wa damu ulikuwa 9.9, yaani pungufu. Kumbe magoti yamekuwa yakimuuma tangu masika, na dukani alikuwa ananunua diklofenaki, anameza asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kula. Tumbo likawa linavuja damu kidogo kidogo. Waliomwambia ana vidonda vya tumbo hawakukosea sana. Shida ni kwamba hakuna aliyemuuliza anameza nini.

Presha nayo ilikuwa 106 kwa 60, kwa mtu aliyezoea 140 na kitu. Dawa za presha alikuwa anaendelea nazo zote kwa uaminifu wa mwalimu. Daktari alisimamisha ile ya kukojosha na kuacha amlodipini kwa dozi ndogo. Nasema daktari alisimamisha kwa sababu binti alikiri kwamba walishafikiria kuziacha zote wenyewe, na kwa mgonjwa mwingine presha ingepaa.

Diklofenaki ilikatishwa, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kulinda tumbo. Hapo tukagonga mwamba wa Rungwe: chai. Mwalimu hunywa chai asubuhi, saa nne, mchana baada ya chakula na jioni, na chai hupunguza sana ufyonzwaji wa madini ya chuma. Alikubali kuhamisha kidonge kwenye saa isiyo na chai, akameza na juisi ya chungwa. Kupunguza vikombe hakukubali.

Wiki za kusubiri

Rufaa ilitumwa Dar es Salaam. Kuna kibali cha bima, kuna orodha, kuna mashine yenyewe inayopaswa kuendana na waya za zamani. Tuliwauliza wataalamu wa huko kama mashine yake ingeweza kurudishwa kwa muda kwenye mpangilio wa waya mbili. Kwa baadhi ya mashine inawezekana, ila betri iliyobaki huliwa haraka zaidi, na inahitaji kompyuta ya kampuni iliyotengeneza mashine. Kwa yeye ingekuwa safari ya Dar kwenda kubonyezewa kompyuta, kisha safari nyingine kubadilishiwa. Tukakubaliana asubiri, kwa masharti.

Masharti yalikuwa kwenye daftari la mraba. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani anahesabu mapigo dakika nzima, anaandika; jioni hivyo hivyo. Yakiwa chini ya 60 na kurudia kuwa hivyo, akipoteza fahamu au kukaribia, miguu ikivimba, akishindwa kulala chali kwa pumzi, au akipata kwikwi ya ajabu au misuli ya kifua kucheza yenyewe, anakuja siku hiyo hiyo, hasubiri tarehe. Daftari hilo lilifanya kazi ambayo sikuitarajia: lilimpa usingizi. Kabla ya hapo alikuwa anakaa macho hadi usiku wa manane akisubiri moyo usimame, kwa kuwa neno "betri imeisha" lilikuwa limemwingia hivyo. Sehemu ya uchovu wa mchana ilikuwa ya usiku huo.

Kuhusu kazi, binti alitaka mama alale mpaka siku ya upasuaji. Mama alitaka kuvuna viazi. Binti alikuwa na nusu ya haki. Kulala kutwa kunanyong'onyeza miguu haraka sana katika umri huo, na miguu iliyonyong'onyea hudai damu nyingi zaidi kwa kazi ileile. Tulichofanya ni kuipanga siku kwa kujua kwamba mapigo hayatapanda. Kazi yoyote inayomruhusu kuongea sentensi nzima bila kukata iko ndani ya uwezo wake. Sentensi ikikatika, anapumzika hapo hapo. Asisubiri mpaka aanze kuhema. Kuoga na kwenda sokoni haviwi asubuhi moja. Anaoga amekaa kwenye kigoda, maji ya moto kiasi, mlango haukomelewi. Ndoo ya lita 20 ni ya mjukuu. Ule mwinuko anapanda kwa bodaboda na kushuka kwa miguu. Anakula kidogo mara nyingi, kwa sababu sahani moja kubwa ya ndizi na maharage ilikuwa inamlaza alasiri nzima. Kwaya hakuacha, ila aliimba ameketi, na mistari mirefu akawaachia wengine.

Kilichomchosha kuliko kazi zote hizo hakikuwamo kwenye orodha yetu: wageni. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na anayetembelewa huinuka, husalimia, huuliza habari za kila mtu wa nyumba ya mgeni, huagiza chai, husindikiza mpaka njiani. Siku tatu za wageni zilimwangusha kuliko wiki ya shamba. Kumwambia mama wa Kinyakyusa asisindikize mgeni ni kumwambia asivae. Suluhisho alilitoa shemeji yake, aliyehamia pale barazani kwa muda: wageni wanapokelewa na shemeji, wanasindikizwa na shemeji, Mwalimu anaaga akiwa kwenye kiti. Ilionekana adabu, kwa sababu mkubwa wa nyumba alisindikiza.

Kisha ukaja msiba. Jirani wa miaka mingi alifariki, na Mwalimu akakataa katakata kukaa nyumbani. Alikwenda jioni, akakaa chini kwenye mkeka na kina mama wengine, baridi ya Julai, miguu imekunjwa, saa nyingi, kikombe kimoja cha chai tangu mchana. Wimbo ulipoanza wote wakasimama kwa pamoja. Yeye alisimama, akaona giza, akashikwa na waliokuwa kushoto na kulia kabla hajafika chini. Mtu mwenye mapigo huru akisimama ghafla, moyo huongeza kasi kufidia damu iliyotelemka miguuni. Wake ulibaki 65, presha iko chini, damu pungufu, maji hajanywa. Asubuhi walikuwa kliniki. Mapigo yalikuwa yamebaki palepale, mashine haikukosa hata pigo moja, lakini mtu anayetegemea mashine akikaribia kuzimia habari inabadilika. Tulipiga simu Dar, tarehe ya upasuaji ikaletwa karibu zaidi.

Sikumwambia asiende misibani tena. Nilimwambia kiti, soksi nzito, maji, kukunjua miguu na kukaza misuli ya ndama kabla ya kuinuka, na kusimama mwishoni baada ya wengine. Mtu wa kijijini anayekosa misiba hulipa deni hilo baadaye, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Safari na upasuaji

Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, na kwake kuna kipande cha Tukuyu hadi Mbeya kabla ya hapo. Ndege ya Songwe ilizidi mfuko. Basi la kwenda moja kwa moja tulilikataa: kukaa kutwa nzima huku akijinyima maji kwa kuogopa kukosa choo ni kurudia ule msiba. Waligawanya safari, wakalala Iringa kwa ndugu, kesho yake wakateremka Kitonga na Mikumi. Alisafiri na binti, kadi, majibu na orodha ya dawa kwenye mkoba wa mkononi, kwani buti la basi si mahali pa kuweka karatasi hizo.

Alichoogopa zaidi ni kupasuliwa mara ya pili. Nilimweleza kwamba betri imefungiwa ndani ya kasha la titani pamoja na mitambo, kwa hiyo hubadilishwa kasha zima. Waya zikipimwa na kukutwa nzima hubaki zilipo. Hakuna kuingia upya kwenye moyo. Nikamweleza pia habari ya Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, Stockholm mwaka 1958. Ile ya kwanza ilidumu saa chache. Alibadilishiwa mashine zaidi ya mara 20, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Mwalimu aliuliza swali moja: alikufa kwa moyo? Hapana, kwa saratani. Akaridhika.

Upasuaji ulifanyika kwa ganzi, kwenye kovu lilelile, ukachukua kama saa moja. Waya zote mbili zilikuwa nzima. Maambukizi kwenye mfuko wa mashine huwa na nafasi kubwa zaidi wakati wa kubadilisha kuliko wakati wa kuweka mara ya kwanza, kwa hiyo maelekezo ya kidonda yalikuwa makali: kisiloane, kisipakwe mafuta wala dawa ya mtu yeyote, na uvimbe, wekundu au majimaji ni kurudi hospitali mara moja.

Aliporudi kliniki kuangaliwa kidonda tulirudia zoezi la ngazi. Akikaa 72, akirudi 98. Mshipa wa shingo ulikuwa umetulia, na alisema kule kugonga kooni kuliisha siku ileile mezani. Pumzi ilirudi ndani ya siku chache. Miguu haikurudi haraka hivyo. Ilimchukua zaidi ya mwezi wa kutembea kila siku kabla hajapanda mwinuko wake bila kusimama. Damu imefika 11.6 na vidonge vinaendelea. Presha ilipanda tena baada ya mashine mpya, kama tulivyotarajia, na ile dawa ya kukojosha ikarudishwa. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha nguvu ya moyo iko kwenye ukingo wa chini wa kawaida, jambo linaloweza kutokea kwa mtu aliyepigiwa chumba cha chini na mashine kwa miaka mingi, kwa hiyo kitarudiwa baada ya miezi sita pamoja na ukaguzi wa pesimeka. Kadi mpya imepigwa picha kwenye simu tatu. Magoti bado yanauma. Anatumia parasetamoli na analalamika kwamba haifikii ile ya zamani.